Kabla Hujalipia Baiskeli ya Mbio Mwanza: Dalili za Barabarani na Chanzo Chake

Baiskeli yangu ya kwanza ya mbio niliinunua baada ya kuizungusha mara mbili mbele ya duka. Ilikuwa mtumba wa Ulaya, fremu ya alumini, bluu iliyokoza, na muuzaji aliinyanyua kwa vidole viwili nione wepesi wake. Nikalipa siku hiyohiyo. Jumamosi iliyofuata nikashika njia ya Kisesa. Kabla sijafika Igoma viganja vilikuwa vimekufa ganzi, shingo imekaza, na kila nilipokanyaga kwa nguvu kupanda mlima cheni iliruka kwa mshindo. Cheni ilitengenezeka kwa siku moja tu chini ya mwembe wa fundi. Ganzi na shingo havikupona kabisa, kwa sababu mimi nina urefu wa sentimita 158 na ile fremu ilikuwa namba 54, yaani sentimita 54, kubwa mno kwangu. Nilihangaika nayo mwaka mzima, kisha nikaiuza kwa hasara.

Tangu hapo nimewasindikiza ndugu na marafiki madukani, na kila dalili ikijitokeza najiuliza swali moja: hili fundi analiweza, au ni la fremu yenyewe? Breki inayolia, gia inayosuasua, kiti kilichozama, hivyo visikukimbize. Fremu isiyo saizi yako, fremu iliyopinda, kaboni yenye ufa, hata ukipunguziwa nusu ya bei usichukue. Katikati kuna vitu vilivyolika, na hapo ndipo pa kujadiliana bei. Maelezo yafuatayo yanakusaidia kujua dalili uliyoisikia iko upande gani.

Muuzaji hataki uondoke nayo

Ana haki ya kuogopa, wapo waliokwenda "kujaribu" wasirudi. Usibishane naye. Kubalianeni bei ya mwanzo, mwachie fedha yote kama dhamana, na aandike kwenye karatasi kwamba ni dhamana, si malipo. Au kijana wa duka akufuate kwa bodaboda, nauli juu yako. Mimi huanza hivi: "Shikamoo mzee. Baiskeli nimeipenda, lakini naomba niiendeshe nusu saa nijue kama tunapatana. Fedha hii hapa, shika, niandikie tu kwamba ni dhamana." Mara nyingi jibu ni, "Marahaba mwanangu, nenda ila uwe mwangalifu na daladala." Asiyekubali hata kwa dhamana kamili, mshukuru uende duka jingine.

Kuna kikwazo kingine ambacho akina dada wanakijua: "Dada, hii ni ya mashindano, chukua ile yenye kikapu." Mjibu kwa upole kwamba unajua ulichofuata, kisha taja urefu wako na uombe fremu ya saizi yako. Ukitaja namba, mazungumzo hubadilika.

Beba pampu yenye geji, rula ya chuma, uzi mrefu, spana za L namba 4, 5 na 6, na viatu utakavyoendeshea. Nenda duka linapofunguliwa tu. Asubuhi foleni ya Barabara ya Nyerere bado inavumilika kuliko mchana, na upepo haujaamka. Jua likishapanda upepo huvuma kutoka ziwani kuingia nchi kavu, na mtu asiyezoea akikutana nao uso kwa uso hudhani breki zinabana gurudumu.

Njia ninayoipenda kwa majaribio ni kutoka mjini kuingia Capri Point, kwa sababu magari ni machache na kuna lami, kona na miinuko ya kutosha, halafu kurudi na kupanda kilima cha Bugando. Kilima kile kitakuambia kuhusu gia na cheni mambo ambayo tambarare itakuficha.

Baiskeli nzito, inayumba, inagonga kila kishimo

Kabla ya kulaumu kitu chochote, pima upepo. Baiskeli zinazokaa dukani hupoteza upepo, na tairi nyembamba ikilegea hufanya baiskeli nzuri ionekane mbovu. Kwa mtu wa kilo 70, tairi ya milimita 25 inahitaji takriban PSI (kipimo cha upepo kwenye geji) 80 hadi 95, ya milimita 28 takriban 70 hadi 85. Ukiwa mwepesi punguza kidogo, ukiwa mzito ongeza, na usivuke namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Ikigonga sana kwenye matuta madogomadogo ya barabarani hali upepo umezidi, shusha PSI 10 ujaribu tena.

Angalia pia valvu. Baiskeli nyingi za mbio zina valvu nyembamba yenye kijinati kichwani, ambacho lazima ukilegeze kwanza ndipo upepo uingie. Pampu ya gereji ya bodaboda haiingii hapo bila kiunganishi kidogo cha shaba. Mwombe muuzaji akupe kiunganishi hicho. Kinapotea haraka, kwa hiyo omba viwili.

Unabana breki na linashika gurudumu usilotarajia

Hii ndiyo dalili ya hatari kuliko zote na haina kelele yoyote. Baiskeli zilizoandaliwa kwa ajili ya Uingereza na Japani, kwa kawaida mkono wa kulia hushika breki ya mbele. Zilizotoka bara la Ulaya, kama Ujerumani au Ufaransa, mara nyingi mkono wa kushoto ndio wa mbele. Mitumba yetu inatoka pande zote hizo. Mtu aliyezoea kubana kushoto kwa ajili ya gurudumu la nyuma akifanya hivyo kwa nguvu kwenye mteremko anaweza kurushwa juu ya usukani. Kwa hiyo mita kumi za kwanza, bado uko mbele ya duka, bana mkono mmoja mmoja taratibu uone unashika nini. Ni kitu cha kurekebisha: fundi anabadilisha waya. Kama waya zimepita chini ya tepu ya usukani, tepu itafunguliwa na kufungwa upya. Kama breki ni za mafuta kazi inaongezeka, basi kubalianeni nani atalipa.

Breki zinafika hadi kwenye usukani, zinatetemesha, zinalia

Mkono wa breki ukizama hadi kugusa usukani, tazama raba kwanza. Raba nyingi zina mifereji, na mifereji ikifutika raba imekwisha. Kama raba bado nzuri, kaza waya kwa kuzungusha nati yake iliyo kwenye breki, nusu mzunguko kwa wakati. Ikibaki kuwa nzito na kurudi kwa uvivu, waya zimeshika kutu ndani ya ganda. Waya na maganda mapya ni gharama ndogo.

Kulia kwa breki kwa kawaida ni vumbi, mafuta kwenye rimu, au raba iliyong'ara kama kioo. Futa rimu kwa spiriti, kwaruza raba kwa msasa, kisha jaribu tena. Breki kushika na kuachia kila gurudumu linapozunguka ina maana nyingine: rimu imebonyea mahali fulani, au kwa breki za diski, diski imepinda. Mtetemo unaoanzia kwenye foki, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, hadi viganjani mara nyingi ni beringi za shingo zilizolegea, na nitazirudia hapo chini.

Halafu fanya kipimo ambacho hakuna muuzaji anayekifanya. Weka rula ya chuma wima juu ya sehemu ya rimu inayosuguliwa na raba. Ikiwa katikati unaona mwanga, rimu imelika na kuingia ndani. Alumini iliyobaki inashikilia tairi yenye upepo mkali, na siku moja ukingo wake hupasuka, pengine uko kwenye mteremko. Baadhi ya rimu zina kijitundu au mfereji wa alama pale panaposuguliwa, na ukifutika rimu imemaliza kazi yake. Hesabu bei ya rimu mpya na kazi ya kuisuka upya, uitoe kwenye bei ya baiskeli. Akikataa kupunguza, iache.

Ukipata mteremko mtupu wa Capri Point, jaribu kusimama kwa nguvu. Sukuma makalio nyuma, bana breki zote mbili, na uzidishe ya mbele polepole. Ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi, kwa sababu uzito wote hukimbilia mbele. Jihadhari kama usiku uliopita mvua ilinyesha, maana mchanga kutoka kwenye vilima vya mawe huteremka hadi kwenye lami, na hapo tairi ya milimita 25 huteleza bila taarifa.

Cheni inaruka

Hapa watu wengi hutupa fedha, kwa hiyo nitakaa kidogo. Cheni inayoruka ina tabia mbili, na ukizichanganya utamlipa fundi kwa kazi isiyohitajika.

Ya kwanza ni ile inayohama yenyewe. Uko gia ya nne, hujagusa kitu, inajaribu kwenda ya tano, inarudi, inatoa mlio wa kukwaruza. Hiyo ni waya wa gia uliolegea au kukaza kupita kiasi. Zungusha kile kiskrubu cha waya karibu na deraila, yaani kidude chenye vigurudumu viwili kinachohamisha cheni, robo mzunguko kwa wakati, hadi itulie. Ukitulia upande mmoja na kuharibika upande mwingine, waya umeshika kutu, au sikio la fremu linaloshika deraila limepinda. Piga magoti nyuma ya baiskeli utazame: vile vigurudumu viwili vinapaswa kusimama wima, sambamba na sproketi, yaani gurudumu la meno, iliyo juu yake. Vikiinama kuelekea kwenye spoku, baiskeli ilianguka upande wa kulia. Sikio hilo hunyooshwa au kubadilishwa, lakini kila fremu ina umbo lake, hivyo muulize muuzaji kama analo kabla ya kusaini chochote.

Ya pili ni ile iliyonipata mimi: ukikanyaga kwa nguvu, ukipanda, cheni inateleza juu ya meno na pedeli inazama ghafla. Goti linaweza kugonga usukani. Hiyo haitibiwi kwa kiskrubu, ni kulika. Pima kwa rula: chukua pini moja ya cheni, hesabu pini 24 kutoka hapo. Cheni mpya itakupa milimita 304.8. Ikifika karibu na 306 na nusu, cheni imechoka. Ikifika 308, karibu kila mara na meno ya nyuma yamekwenda nayo.

Sasa tahadhari kubwa. Cheni ikiwa mpya kabisa na bado inaruka, usishangae. Wenye duka hubadilisha cheni ili baiskeli ing'ae, wakaacha sproketi za zamani. Cheni mpya na meno yaliyolika havikamatani. Angalia zile sproketi ndogo za nyuma, ndizo zinazolika haraka. Meno yakiwa yamechongoka kama jino la papa, dai seti nzima: cheni na sproketi za nyuma pamoja. Ndiyo maana jaribio bila kilima ni nusu jaribio. Panda Bugando ukiwa umesimama juu ya pedeli, ukikanyaga kwa uzito wako wote, kwenye gia mbili tatu tofauti.

Kuna jambo moja la usalama kabla ya kupanda. Mtu ainyanyue baiskeli gurudumu la nyuma liwe hewani, uzungushe pedeli na kuhamisha cheni hadi sproketi kubwa kabisa. Ikivuka na kuingia kwenye spoku, skrubu ya kikomo imekaa vibaya. Ni dakika mbili za bisibisi, lakini ikitokea ukiwa mwendoni gurudumu hujifunga na deraila huvunjika.

Sproketi kubwa ya mbele pamoja na kubwa ya nyuma ikitoa mlio wa kusugua, huo si ugonjwa. Cheni imevuka kwa pembe kali tu, na hupaswi kuendesha hivyo.

Gia ya mwisho bado ni nzito

Ukifika katikati ya mlima na gia zimekwisha, shuka uhesabu meno. Baiskeli nyingi za zamani za mashindano zina 53 na 39 mbele, na nyuma kubwa ni 23 au 25. Ziliwekwa kwa wanariadha wa tambarare na wa kuendesha kwa kundi. Mji wetu umejengwa juu ya vilima vya mawe, na mtu wa kawaida anapata nafuu na 50 na 34 mbele, pamoja na nyuma ya 28 au 32. Sproketi za nyuma zinabadilishwa, ila deraila yenye mkono mfupi haiwezi kubeba meno mengi kupita kiasi, kwa hiyo muulize fundi mwisho wake ni meno mangapi. Usiilaumu miguu kwa kosa la meno.

Inavuta upande mmoja

Ipe mwendo wa wastani kwenye tambarare, legeza mikono hadi iwe inagusa tu usukani. Ikielekea kushoto au kulia bila kukoma, legeza gurudumu la mbele, likalishe vizuri kwenye foki, kaza, kisha jaribu tena. Mara nyingi shida huishia hapo. Isipoishia hapo, kuna kitu kimepinda, na lazima ujue ni kipi.

Funga uzi kwenye ekseli ya nyuma upande mmoja, uupitishe mbele kuzunguka bomba la shingo, pale foki inapoingia kwenye fremu, uurudishe hadi upande wa pili wa ekseli, uvute hadi ukaze. Pima umbali kutoka kwenye uzi hadi kwenye bomba la kiti, kulia na kushoto. Tofauti ya milimita moja au mbili si neno. Ikizidi hapo, fremu imepinda. Kisha pitisha kidole chini ya bomba la chini, pale linapokutana na shingo. Rangi iliyokunjamana au kupasuka kwa mstari hapo inasema baiskeli iligonga kitu uso kwa uso. Fremu ya chuma fundi mzuri anaweza kuinyoosha. Ya alumini ikinyooshwa hubaki dhaifu, na mimi siichukui. Ya kaboni, nitasema chini.

Usukani unatikisika kwenye mteremko

Ukitokea, usibane usukani kwa hofu. Bana bomba la juu kwa magoti, punguza mwendo polepole kwa breki ya nyuma zaidi, na mtikisiko utakufa. Ukishasimama, tafuta chanzo kwa mpangilio huu. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma huku kidole kikigusa kiungo cha shingo na foki: ukisikia kucheza, beringi za shingo zimelegea, zikazwe. Nyanyua mbele, geuza usukani taratibu kulia na kushoto: ukinasa katikati kama unaingia kwenye kishimo, beringi zimekwisha na zinabadilishwa. Shika gurudumu juu, litikise upande kwa upande: likicheza, ni habu, yaani kitovu cha gurudumu. Lizungushe utazame kama rimu inayumba karibu na raba za breki.

Kama vyote hivyo viko sawa, rudia mteremko ukiwa umelegeza mabega. Mwili uliokakamaa hutikisa baiskeli nzima. Na fremu isiyo saizi yako, inayokuweka mbali mno au karibu mno na gurudumu la mbele, hutikisika hata ikiwa haina kasoro.

Neno moja kuhusu rimu za kaboni zenye ubavu mpana zinazopendwa kwa muonekano. Ziko kama tanga la ngalawa. Ukiwa kwenye barabara ya Pasiansi kuelekea uwanja wa ndege, upepo wa ziwani ukikupiga ubavuni, gurudumu la mbele litasukumwa. Hiyo siyo hitilafu, lakini mtu wa kilo 55 afikirie mara mbili.

Inatoa kelele

Acha masikio yafanye kazi kabla ya spana. Kelele inakuja mara moja kila pedeli inapozunguka? Acha kukanyaga, iache iserereke. Ikikoma, ni pedeli, krenki (mikono inayoshika pedeli) au beringi za kati, ambamo krenki huzungukia. Ikiendelea, ni gurudumu. Simama juu ya pedeli: ikikoma, ilikuwa kiti au nguzo yake, na mara nyingi grisi kidogo inatosha. Shika krenki zote mbili uzisukume kulia na kushoto. Kucheza hapo ni beringi za kati. Zile za zamani zenye gololi, fundi yeyote wa Usukumani aliyekulia kwenye baiskeli za mizigo na abiria atazifungua kwa macho yaliyofumbwa. Zile mpya zinazoingizwa kwa kushindiliwa zinadai kifaa maalumu, basi uliza nani mjini anacho.

Pedeli zenyewe zisikusumbue. Kama baiskeli imekuja na zile za kunasa kiatu na huna viatu vyake, omba pedeli bapa kwa ajili ya jaribio. Ya kushoto hufungwa kinyume, akumbuke anayefunga.

Tairi imechoka na haipatikani

Zungusha gurudumu, tazama ubavu wa tairi. Nyufa nyembamba kama za udongo mkavu zina maana mpira umezeeka hata kama kashata zake hazijaisha. Hilo ni la kubadilisha. Lakini kabla ya kusema "nitanunua nyingine", soma namba. Tafuta zile mbili zenye kistari kati, mfano 25-622 au 28-622. Hiyo 622 ndiyo kipenyo cha kawaida cha baiskeli za mbio za siku hizi. Za zamani, hasa za miaka ya 1970 na 1980, zinaweza kuwa na 630, na tairi ya 622 haitaingia. Zile Phoenix kubwa zinazobeba magunia na dagaa hutumia tairi za 635. Kwa hiyo ukiambiwa "tairi za ishirini na nane zipo tele sokoni", usiridhike hadi umesoma namba hiyo ya mwisho.

Bana spoku mbili mbili kwa vidole. Zote za upande mmoja zinapaswa kuwa na mkazo unaokaribiana. Moja iliyolegea inakazwa. Tatu nne zilizolegea mahali pamoja zinamaanisha rimu ilipigwa.

Kaboni: sauti ya bati na sauti ya ubao

Fremu ya kaboni ikipata ufa haipindi ukaona, hukaa kimya mpaka ivunjike. Igonge kwa sarafu kidogo kidogo kwenye mabomba yote. Sauti iwe kavu na inayofanana. Sehemu ikibadilika na kuwa nzito, kama ubao uliooza ndani, simama hapo hapo. Stika iliyobandikwa mahali pasipo na sababu, iombe ibanduliwe. Pia jaribu kulegeza nguzo ya kiti na kuishusha. Ikiwa imeganda ndani ya fremu, hutaweza kamwe kuiweka kwa kimo chako.

Mwili unalalamika

Hii ndiyo sehemu ninayokuomba uipe muda kuliko zote, kwa kuwa dakika tano haziwezi kuionyesha. Ganzi huanza baada ya dakika kumi na tano au ishirini.

Kabla ya kutoka, weka kiti. Keti, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama. Ukiweka sehemu pana ya unyayo kama unavyoendesha, goti litabaki limekunjika kidogo. Angalia nguzo isivuke ile alama ya mwisho iliyochorwa juu yake.

Maumivu mbele ya goti: kiti kiko chini, au unasukuma gia nzito. Nyuma ya goti: kiti kiko juu. Makalio yanayumba huku na huku, rafiki anayekufuata atayaona: kiti kiko juu. Shusha au pandisha milimita tano, endesha tena. Hayo yote ni ya spana ya L.

Viganja vikifa ganzi, tazama kwanza kiti kwa ubavu. Ncha ikiinama, unateleza mbele na mikono inabeba uzito wote. Kisawazishe. Ganzi ikiendelea na shingo ikikaza, huenda usukani uko mbali. Kipande kinachounganisha usukani na foki, stemu, kwa kawaida huwa na milimita 80 hadi 120, na ukiweka kifupi zaidi kwa sentimita moja au mbili utapata nafuu ya kweli. Lakini ukijikuta unahitaji kufupisha sentimita tatu au zaidi, fremu hiyo si yako. Usidanganyike kusogeza kiti mbele ili kufikia usukani, utahamishia maumivu magotini.

Kwa makadirio, mtu wa sentimita 158 aanzie fremu ya 48 hadi 50, wa 170 aanzie 52 hadi 54, wa 180 aanzie 56. Viwanda havipimi sawasawa, ndiyo maana unaijaribu. Fremu ndogo kidogo inarefushwa kwa nguzo na stemu. Fremu kubwa haifupishwi. Hilo ndilo lililonigharimu mimi mwaka mzima na maumivu ya shingo, na muuzaji aliniambia "utaizoea". Mwili hauzoei sentimita sita za ziada. Ninayoendesha leo ni 48, ya chuma, nzito kuliko ile ya bluu, na nimefika nayo Kisesa na kurudi bila kutikisa kiganja hata mara moja.

Kwenye fremu ndogo ncha ya kiatu inaweza kugusa gurudumu la mbele ukikata kona kali polepole. Si kasoro. Jaribu kugeuza kwenye eneo la wazi ili ujue inagusa wapi.

Umerudi dukani

Usitoe jibu ukiwa bado unahema. Keti, kunywa maji, andika ulichokiona. Kisha sema wazi: "Mzee, baiskeli ni nzuri na saizi ni yangu. Cheni na sproketi za nyuma zimelika, raba za mbele zimekwisha. Nibadilishie, au nipunguzie thamani yake nikamwone fundi wangu." Akichagua kutengeneza mwenyewe, usilipe kwa ahadi. Rudi ikishakuwa tayari, upande tena kile kilima, hata kama ni dakika kumi.

Cheni ikikaa kimya mlimani, ndipo ile karatasi ya dhamana igeuke stakabadhi. Igeuze baiskeli chini juu, soma namba iliyopigwa chini ya krenki, na uhakikishe imeandikwa kwenye stakabadhi hiyo pamoja na jina lako.